Anza na Tupa, Mashine Itafuata

Katika mji wa Yaizu, mkoani Shizuoka nchini Japani, kuna kampuni iitwayo Hasegawa. Miongoni mwa bidhaa ilizouza duniani ni boksi lenye vipande vya plastiki vya kuundia gari dogo, Datsun 240Z, lile lililoshinda mashindano ya magari ya Safari Rally hapa Afrika Mashariki mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Watu wa Ulaya, Marekani na Asia hulinunua boksi hilo, hukaa mezani jioni baada ya jioni, hukata, hugundisha, hupiga msasa, hupaka ubavu rangi nyekundu na boneti rangi nyeusi. Wengine huongeza vumbi la bandia kwenye matairi ili gari lifanane na lilivyokuwa lilipopita kwetu.

Vumbi lile ni letu. Barabara zile ni zetu. Mwaka 1973 gari la aina hiyohiyo lilishinda tena, mara hiyo likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alitwaa ushindi mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Basi kwa nini mikono inayoyaunda upya magari yale isiwe ya kwetu?

Ndugu yangu, nina neno moja la kukuambia. Najua uko wewe mwenye hamu ya kuunda magari ya mfano, tena unayatazama kwenye simu hadi usiku wa manane, lakini umekaa unasubiri. Unasubiri pesa ya mashine ya kukereza. Unasubiri chumba cha karakana. Unasubiri mtu atakayesafiri akuletee vifaa kutoka ng'ambo. Acha kusubiri. Wahenga walishasema mchagua jembe si mkulima. Shamba ndilo linalomfundisha mkulima jembe gani linamfaa, na gari lako la kwanza ndilo litakalokufundisha mashine gani inakufaa. Anza na vilivyo mkononi. Mashine utainunua siku kazi yenyewe itakapoidai.

Ulishaanza utotoni

Mtoto wa Dodoma, Kisumu, Lubumbashi au Bujumbura anayekunja waya akapata fremu ya gari, akakata magurudumu kwenye ndala iliyokwisha, akafunga usukani kwenye fimbo ndefu ili aliendeshe huku akikimbia, amekwisha kutatua mambo mazito ya uhandisi. Amepata ekseli inayozunguka bila kuchomoka. Amepata magurudumu ya mbele yanayokata kona pamoja. Amepata fremu nyepesi isiyopinda. Hayo yote ameyafanya bila mwalimu, bila mchoro na bila senti.

Alichokosa ni vitu viwili: kipimo, na mtu mzima wa kumwambia aendelee. Wengi wetu tuliambiwa tuache michezo tukasome. Tuliyaacha magari uani, na pamoja nayo tukaacha shule ya kwanza ya ufundi tuliyopata kuipenda.

Kuna waliofikiri tofauti. Nchini Marekani, mwaka 1930, kampuni ya Fisher Body iliyokuwa chini ya General Motors ilianzisha shindano la vijana lililoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Mwanzoni walitakiwa kuunda mfano wa gari la farasi la kifalme, kazi iliyotaka kuchonga mbao, kutengeneza vipuli vya chuma na kushona vitambaa. Kuanzia mwaka 1937 wakaanza kubuni magari yao wenyewe na kuyaunda kwa skeli ya 1/12. Zawadi kuu zilikuwa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Shindano liliendelea hadi 1968. Kijana Chuck Jordan alilishinda mwaka 1947. Mwaka 1986 akawa makamu wa rais wa General Motors anayesimamia ubunifu wote wa magari ya kampuni hiyo. Gari dogo la mezani ndilo lililompeleka huko.

Shindano lile lilikuwa la wavulana peke yao. Sisi tusiifuate njia hiyo. Binti anayefungua redio ili aone kilichomo ndani ana haki ya kiti kwenye meza hii sawa na kaka yake.

Kipimo ndicho kinachokuvusha

Tofauti kati ya kigari cha mchezo na gari la mfano ni skeli. Tuichukue ile Datsun 240Z. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni milimita 2305. Gawanya kwa 24, skeli ambayo viwanda vingi vya Japani hutumia kwa magari, upate milimita 96. Gawanya kwa 12, upate 192. Rimu yake ya inchi 14, yaani karibu milimita 356, inakuwa karibu milimita 15 kwa skeli ya 1/24 na karibu 30 kwa skeli ya 1/12. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Sasa tazama inavyokufunza. Kwa skeli ya 1/24, ukikosea milimita moja tu, umekosea milimita 24 kwenye gari halisi. Mlango wa namna hiyo usingefungika, na taa ingetokeza nje ya bodi. Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha kununua kwa pesa ni kalipa nzuri, inayosoma hadi sehemu ndogo za milimita. Siku utakapoanza kuona kosa la nusu milimita kwa macho, utakuwa umebadilika. Hutavumilia tena kabati linalopinda, wala ukuta usio wima, wala kazi ya kulipua. Jicho hilo halinunuliwi dukani; linajengwa kwa kupima, kukata na kupima tena.

Kwa anayeunda kila kitu mwenyewe, nashauri uanze na 1/12. Vipande ni vikubwa kiasi cha kushikika, makosa yanasahihishika, na gari lililokamilika linatosha kwenye rafu. Wala si lazima liwe la mashindano. Chagua gari unaloweza kulifikia na kuligusa: Land Rover 109 ya zamani ya misheni, Peugeot 504 ya babu, Hiace ya daladala, lori linalobeba mchanga mtaani kwenu. Land Rover ile ina inchi 109 kati ya ekseli mbili, sawa na milimita 2769. Kwa 1/12 ni milimita 231. Nenda na futi, omba ruhusa kwa mwenye gari, pima kila unachoweza. Kisha piga picha za ubavuni, mbele na nyuma. Simama mbali, hata hatua kumi na zaidi, halafu uivute picha kwa kamera. Ukipiga kwa karibu, sehemu iliyo mbele yako itavimba na vipimo vitakudanganya. Chora gari lote kwa ukubwa utakaouunda, kwenye karatasi moja. Mchoro huo ukishatundikwa ukutani, kazi imeanza.

Meza ya kwanza

Unahitaji jiliwa iliyofungwa imara kwenye meza isiyotikisika. Unahitaji tupa tatu: bapa, mviringo na nusu mviringo. Ongeza msumeno wa chuma wenye meno madogo, koleo, mkasi wa bati, nyundo ndogo, msasa wa ngazi mbalimbali na drili ya umeme ya kawaida. Kwa vifaa hivyo watu wameunda magari yanayokufanya usimame kimya ukitazama.

Malighafi imetuzunguka. Printa iliyokufa ndani yake ina fimbo za chuma zilizonyooka na kulainishwa kiwandani. Hizo ni ekseli zako. Ina mota ndogo na gia pia. Pistoni chakavu ni alumini. Ndala bado ni tairi, ila sasa utaikata kwa kipimo: toboa katikati, ibane kwenye bolti kati ya nati na washa, funga bolti kwenye drili, fungia drili kwenye jiliwa, kisha iache izunguke huku ukiigusisha msasa kidogo kidogo hadi ifike kipenyo unachotaka. Hapo umekereza. Drili yako imekuwa mashine ya kukereza ya kwanza, na umejifunza kwa vidole vyako mwenyewe mashine hiyo hufanya nini.

Bodi ndiyo kazi inayowatisha wengi. Isikutishe. Chonga umbo la gari kwenye kipande cha mti mgumu uliokauka vizuri, mninga kwa mfano. Lilaze bati jembamba la shaba nyekundu au la alumini juu ya umbo hilo, uligonge taratibu kwa nyundo ya mbao, ukianzia katikati kuelekea pembeni. Shaba ikigongwa hukakamaa. Ipashe moto hadi iwe na wekundu hafifu, na ikipoa itakuwa laini tena. Alumini haionyeshi wekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo ipake sabuni ya mche kwanza. Sabuni ikigeuka nyeusi, ondoa moto haraka, bati limelainika. Ukitaka kuona mkono uliozoea bati unavyokwenda, ingia Kamukunji jijini Nairobi, uwatazame mafundi wanaogonga masufuria, majiko na masanduku mchana kutwa. Maarifa ya kuunda bodi ya gari yako pale pale, juani. Yanangoja mtu wa kuyapeleka kwenye kipimo kidogo.

Ukifika kwenye rangi, usiwe na pupa. Piga msasa wa namba 400, kisha 800, kisha 1200 kwa maji. Paka rangi nyembamba, iache ikauke, rudia. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene, maana rangi nene hufunika mistari ya milango uliyoihangaikia kwa wiki nzima.

Kazi ichague mashine

Gari la kwanza likikamilika, utajua ulichokosa. Rimu nne hazikufanana hata kidogo ingawa ulijitahidi? Kazi yako inadai mashine ya kukereza, ile ambayo chuma ndicho kinachozunguka na kisu kikasogezwa. Umechoka kunyoosha kwa tupa nyuso bapa za chesisi na injini? Kazi inadai mashine ya kuchongea, ile ambayo kisu ndicho kinachozunguka na chuma kikasogezwa. Kwa magari, mara nyingi ya kukereza hutangulia, kwa sababu gari limejaa vitu vya mviringo: rimu, ekseli, taa, pulei, vifuniko, mabomba ya moshi. Hata vifaa vya kuchongea vinaweza kufungwa juu ya mashine ya kukereza siku ukivihitaji.

Jiulize kwanza: kipande kikubwa kabisa nitakachokereza kina kipenyo gani? Tairi la ile Datsun kwa 1/12 halizidi sana milimita 50. Basi huna haja ya dude la kujaza chumba. Sherline, mashine ndogo ambayo mwanzo wake ni ubunifu wa Harold Clisby wa Australia na ambayo leo hutengenezwa California, hupokea kipenyo cha milimita 90 hivi na unaibeba kwa mikono yako. Mashine ndogo zinazotoka viwanda vya China, zile za inchi 7, hupokea karibu milimita 180, nazo ni nzito: zitataka watu wawili na meza ya maana. Uzito huo una faida, kwa kuwa mashine nzito haitetemeki, na isiyotetemeka huacha uso laini.

Soma namba mbili, usisome moja. Tangazo hutaja kipenyo kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda cha mashine. Lakini juu ya kibebeo cha kisu nafasi hupungua sana. Kwenye Sherline hushuka hadi karibu nusu, milimita 45. Kwa rimu fupi, ambayo haifiki juu ya kibebeo, haidhuru. Kwa fimbo ndefu na nene, namba hiyo ndogo ndiyo ukweli wako.

Angalia umeme. Mashine ya Marekani ya volti 120 ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 bila transfoma, umeiunguza. Angalia pia mizani ya vishikio vyake: inasoma milimita au inchi? Chagua milimita, maana ndiyo lugha ya kalipa yako na michoro yako. Na usimalize pesa zote kwenye mashine yenyewe. Visu, keekee za kila ukubwa, kishikio cha taya nne, mafuta na jiwe la kunolea vinaweza kukudai pesa nyingi mno. Mashine isiyo na visu vikali ni pambo la mezani.

Ukienda kununua

Usione haya kununua kilichotumika. Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika kabla ya kufika mikononi mwao. Alijua kulisoma gari na kulirekebisha. Nawe jifunze kuisoma mashine.

Zungusha mhimili wake mkuu kwa mkono: uende laini, bila mkwaruzo. Ushike, uusukume na kuuvuta. Ukicheza, beringi zimechoka. Geuza kishikio cha kusogezea kisu kushoto, kisha kulia, uone kinazunguka kiasi gani kabla kisu hakijasogea. Kucheza kidogo ni kawaida. Robo mzunguko ni onyo. Pitisha kidole kwenye kitanda karibu na taya, mahali panapofanya kazi zaidi, utafute bonde la kuchakaa. Mwisho omba iwashwe, ukereze kipande cha shaba ya njano, upime kipenyo chake upande huu na upande ule. Vipimo vikilingana, mashine iko sawa. Vikitofautiana, uliza inarekebishwaje kabla pesa haijatoka mfukoni.

Ukiipata, iheshimu. Vaa miwani kila mara. Kunja mikono ya shati. Funga kanga, mtandio na nywele ndefu. Vua glavu mbele ya chochote kinachozunguka. Ufunguo wa taya usiuache umechomekwa kwenye taya hata kwa dakika moja, kwa maana mashine ikiwashwa utaruka kama risasi. Alumini ipe tone la mafuta ya taa ili isigande kwenye kisu, shaba ya njano ikereze kavu, chuma kipe mafuta ya kukerezea. Mikono yako mashine haiwezi kukurudishia. Una miwili tu.

Tafuta wenzako

Kama mashine iko mbali na uwezo wako leo, mlango mwingine uko wazi. Nchini Tanzania, SIDO imekuwa ikihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, na vyuo vya VETA hufundisha ukerezaji mikoani. Mitaani wako mafundi wakerezaji waliokaa na mashine zao miaka mingi. Nenda kwa adabu. Mwambie, "Shikamoo mzee, naomba nitazame, na kama kuna kufagia nitafagia." Fundi anayeona kijana amekuja na mchoro wake mwenyewe, wenye vipimo, hufurahi kuliko unavyodhani. Peleka mchoro. Lipia rimu nne za kwanza ikibidi, ukisimama pembeni ukitazama kila hatua.

Tena, sisi ni watu wa chama, upatu na kikoba. Tumenunuliana masufuria, pikipiki na viwanja kwa kuchanga. Watu watano wenye nia moja wanaweza kununua mashine moja ya kukereza, wakaiweka kwa mwenye chumba, wakagawana siku. Mmoja atakuwa stadi wa bodi, mwingine wa magurudumu, mwingine wa rangi. Na mkiwa watano, hakuna atakayeacha katikati kimyakimya. Wenzake watamfuata nyumbani kumuuliza kulikoni.

Maana kazi hii inataka moyo mrefu. Mmarekani Louis Chenot alitumia takriban miaka kumi kuunda Duesenberg ya mwaka 1932 kwa skeli ya 1/6, yenye injini ya silinda nane inayowaka kweli. Miaka hiyo ingepita hata kama asingeshika tupa. Yako pia inapita. Mwaka kesho utafika, uwe umeunda ama hujaunda.

Kwa hiyo hapa ndipo pa kuanzia. Jumamosi hii chagua gari moja, ulipime, ugawanye kwa 12. Jumapili lichore lote, ubavu, mbele na juu, ulitundike ukutani. Kabla wiki ijayo haijaisha, fungua printa mbovu, utoe fimbo, ukate ekseli mbili kwa urefu kamili. Mwezi ukiisha uwe na chesisi inayosimama kwa magurudumu manne. Mwonyeshe mtoto wa jirani, umpe kalipa aipime mwenyewe, na akitaka kushika tupa, msogezee kiti.